Maua Kumi Uliyoniachia

Zuwena shoga yangu,

Nimekupoteza mwezi wa tatu, wiki moja kabla ya Idi, na pamoja nawe nimepoteza mkono bora wa kuchora uliopata kuingia gereji yangu ya ufinyanzi hapa Queensbury. Nakuandikia nikiwa na malalamiko. Mtu hafi na tanuri limejaa nusu.

Habari ni njema, hata hivyo. Akina mama wa Kilburn wameagiza bakuli arobaini. Ule uji mweupe wa bati, tunamochovya vyombo kabla ya kuvichora, sasa naupima kwa mizani. Wewe ulikuwa ukisema "kiasi". Mimi nasema gramu mia nane, na hakuna bakuli lililonitia aibu.

Unakumbuka makumbusho? Tuliganda mbele ya kabati la vyombo vya Waitaliano wa kale. Maandishi yalisema mafundi wale waliacha kwao wakahamia Antwerp na ujuzi wao, na wajukuu wao wakavuka bahari kuja kufinyanga hapa hapa London. Miaka mia nne na zaidi, na sahani ile ya buluu na manjano inang'aa kama imeoshwa asubuhi. Ukaniuliza kwa sauti ya sokoni, "Na hawa nao waliulizwa watarudi lini kwao?" Mlinzi akageuka. Nikakuvuta mtandio, lakini wewe ndiyo kwanza umeanza. "Salma, kama hawa wameweza, sisi tuna kasoro gani?"

Basi mimi nikatafuta tanuri la mtumba, wewe ukaja na mkono wako wa kupaka maharusi hina. Sahani ya kwanza uliichora vizuri sana, ukaitazama, kisha ukaingia jikoni kwangu ukatoka na ndimu na sukari. Ukaidondoshea ile buluu kwa pamba, taratibu, kama unavyofanya hina ishike. Nilipokuuliza ukanijibu, "Rangi ni rangi." Ikatoka tanurini na vipele mwili mzima, mtoto wa surua. Tulicheka mpaka jirani yangu Mama Hansa akaja kuuliza harusi ni ya nani. Akaichukua. Anawekea funguo mpaka leo, na hataki nyingine.

Baadaye tulijifunza. Ule uji ukikauka unanyonya rangi papo hapo. Brashi ikigusa imegusa. Hakuna kufuta.

Na hapo ndipo uliponiweka mimi. Sahani ya harusi ya Amina, binti yako, iko mbele yangu. Umechora maua ya asumini kumi na manne. Nimepima ukingo, unachukua ishirini na manne. Palipobaki ni peupe. Amina anataka ichomwe hivyo hivyo. Unamjua, kila kitu hunijibu kwa Kiingereza, lakini hili kalisema kwa Kiswahili: "Mama ameishia hapo." Nikaenda kuosha brashi zilizokuwa safi.

Mimi nasema bibi harusi hapewi sahani ya nusu. Upande wa mume watadhani tuliishiwa rangi. Tena ua lako nimelifanyia mazoezi kwenye vigae vibovu, sasa nalichora kiasi cha kukudanganya wewe mwenyewe. Ila ni mkono wangu, Zuwena. Si wako. Na kungoja hakufai, uji umeanza kubanduka, na harusi ni Jumamosi.

Mungu akulaze pema, shoga. Nakuahidi harusini nitacheza zamu yangu na yako, kwa magoti haya haya, na mwanao sitamwachia mkono.

Lakini hili nijibu, na usinipe mafumbo yako. Nichore yale kumi, au niache? Mlango wa tanuri naufunga Alhamisi, saa nne asubuhi. Njoo usingizini, njoo unavyojua, lakini kabla ya saa nne uwe umeniambia: ndiyo au hapana.