Mkaguzi Amenishinda kwa Sentensi Yangu Mwenyewe

Jumamosi, jioni. Jinja.

Mvua imekatika muda si mrefu na barabara chini ya dirisha langu inanuka vumbi lililolowa. Nimerudi kutoka Mbale. Sina njaa, sina hamu ya kuongea na mtu, na dada yangu amepiga simu nikaiacha ilie mpaka ikachoka. Kwa hiyo nakuandikia wewe, shajara, na yeyote anayepita hapa kusoma.

Nimempotezea rafiki yangu wazo lake. Nimelipoteza kabisa, halirudi.

Kwa wageni wa blogu hii: mimi naitwa Rehema, na kazi yangu ni kuandika maombi ya hataza. Hataza ni hati inayosema kwamba uvumbuzi huu ni wa fulani, na wengine wasiutumie bila ruhusa yake. Ofisi yangu ni chumba kimoja juu ya duka la vitambaa la familia ya Kihindi hapa mjini, na mpaka leo mama mwenye duka anaamini mimi ni wakili wa talaka. Ananiletea chai na kunipa pole kwa kusikiliza shida za watu. Nimeshachoka kumweleza.

Rafiki mwenyewe ni Siraji. Tulisoma pamoja Nairobi, uhandisi wa mawasiliano. Mimi nikaangukia kwenye makaratasi, yeye akaenda kwenye minara ya simu, Mbale na vitongoji vyake. Anaishi Nakaloke, nje kidogo ya Mbale, na mkewe, Madina. Mimi ananiita afande, kwa sababu anasema Kiswahili nilichorudi nacho kutoka Nairobi ni cha askari aliyesimama kwenye kizuizi cha barabarani.

Siraji ni mtu wa majigambo. Atakwambia yeye ndiye kipa bora aliyewahi kuzaliwa Nakaloke, yeye ndiye anayejua kuchagua mbuzi, pikipiki yake haina mfano. Lakini kazini ni kinyume chake. Jambo alilolihangaikia miezi mizima, likishamwelea tu, kesho yake analizungumzia kama alizaliwa analijua. Hilo nililijua tangu chuoni. Ndiyo maana sina pa kujificha.

Nieleze alichogundua, maana bila hicho hasira yangu haina maana.

Minara mipya haimwagi mawimbi pande zote kama taa ya dari. Inayarusha kwa miale myembamba, kama tochi, na simu nayo inabidi igeuze sikio lake kuelekea mwale unaoihusu. Kabla ya kukupa data uliyoiomba, mnara hutuma kwanza amri fupi kupitia chaneli ya udhibiti: jiandae, mzigo wako unakuja, sikiliza upande fulani. Shida inatokea pale mzigo unapokuja papo hapo baada ya amri. Simu haijamaliza hata kuisoma hiyo amri. Itajuaje igeukie wapi?

Siraji alizunguka Namatala, mtaa mmoja wa Mbale, na simu zake za majaribio, katikati ya nyumba zilizobanana, ambako mwale unagonga bati hili na kurukia lile. Watu walidhani ni mtu wa kodi. Huko akaona kitu ambacho sijakikuta kimeandikwa na mtu yeyote kabla yake: hata mwale ukidundadunda namna hiyo, njia iliyopitisha amri hubaki wazi kwa kitambo kidogo baada ya amri kupita. Akasema basi, simu isihangaike. Iendelee kusikiliza kule kule ilikosikia amri, mpaka imalize kuisoma.

Ukishaambiwa unasema, si ndiyo hivyo? Mtoto gani asingejua?

Hapo ndipo ugonjwa wote ulipo. Hataza haitolewi kwa jambo lililo dhahiri, na wanaopima udhahiri wanatumia macho ya mtu wa kufikirika. Wanamwita mtu mwenye ujuzi wa kawaida katika fani hiyo. Huyu bwana hana jina wala mke, amesoma kila karatasi iliyowahi kuchapishwa duniani, na hajawahi kuwa na wazo hata moja la kwake. Wakiona yeye angeweza kufika ulikofika wewe, umekwisha. Nimepigana naye miaka yote ya kazi yangu. Nilimjua tabia zake. Na bado nikamfungulia mlango mwenyewe.

Siraji hakutaka hataza kwa ajili ya sifa. Kampuni moja ya kutengeneza mitambo ilimwambia, hati ikitoka tutakuchukua kwenye chumba cha utafiti. Isipotoka, hakuna mazungumzo. Chumba cha utafiti maana yake ni kutopanda minara tena. Mwaka jana aliteleza akabaki ananing'inia kwa mkanda wake, na tangu siku hiyo Madina hali chakula mpaka asikie mumewe ameteremka. Aliniambia hivyo yeye mwenyewe, jikoni kwake, akanishika mkono. Alisema, "Dada, hiyo karatasi iandike vizuri."

Niliiandika vizuri. Hilo ndilo linaloniuma.

Siku tuliyokaa kuandika, nilikuwa nimeketi kwenye mkeka wao na kompyuta mapajani. Nilikuwa kwenye sehemu ile ya mwanzo, unapoeleza yale yaliyokuwa yakijulikana kabla ya uvumbuzi. Nikamuuliza: hili la njia ya amri kubaki wazi kwa kitambo, watu wanalijua?

"Aa, hiyo kila mtu anajua, afande. Andika tu."

Nikaandika. "Inafahamika vyema miongoni mwa mafundi kwamba njia iliyopitisha amri hubaki wazi kwa muda mfupi." Kisha nikaendelea na yale mengine, simu ifanye nini na hiyo njia.

Ukitaka kufanya kazi yangu, jambo la kwanza unalofundishwa ni kwamba mvumbuzi akisema kila mtu anajua, unamuuliza: nani? Alisema wapi? Lini? Nimewafundisha wengine hivyo, kwa sauti ya kujiamini. Siku ile sikuuliza. Nikitafuta sababu naambulia moja tu, ya aibu: sentensi ilinipendeza. Nilikuwa natafuta mlango wa kuingilia, nayo ikaja imenyooka, imejaa pumzi. Niliisoma kwa sauti. Siraji akapiga makofi.

Mkaguzi wa ofisi ya hataza, anayepima maombi, naye ilimpendeza.

Alichukua waraka wa zamani wa kampuni nyingine, unaosema simu inaweza kubaki kwenye mwale mmoja ili kuokoa betri. Akauweka kando ya sentensi yangu. Akasema: mwombaji mwenyewe anakiri kwamba mafundi wanajua njia hubaki wazi, na waraka huu unaonyesha simu inaweza kutulia kwenye mwale mmoja, mtu mwenye ujuzi wa kawaida angeyaunganisha haya bila jasho. Alininukuu neno kwa neno. Sijawahi kunukuliwa vizuri namna ile.

Nilijibu kwamba sentensi ile iliandikwa kwa makosa. Wakaniambia, haya, leta ushahidi kwamba jambo hilo halikuwa likijulikana, la sivyo ulichokiri umekiri. Nikampigia Siraji. Nilimuuliza kama kweli watu walijua. Akasema wanajua, vijana wake wote wa kazini wanajua, hata yule Okiror asiyejua kitu. Akacheka. Nikaona basi, hata ushahidi uko upande wao. Nikaandika hoja ndefu ya kisheria isiyo na kitu ndani, nikaituma.

Jumatano likaja jibu la mwisho. Ombi limekataliwa, na ngazi za rufaa zimeisha. Kuomba upya haiwezekani, kwa sababu ombi letu lilishachapishwa zamani na liko wazi kwa dunia nzima kusoma. Mafundi wa China wanaweza kulisoma, na wa Tororo pia. Sasa ndiyo linajulikana kweli, na limejulikana kupitia kwetu.

Habari kama hiyo huwezi kuitoa kwa simu. Leo asubuhi nimekwenda.

Madina alikuwa amepika malewa ya karanga kwa ajili yangu, anajua machipukizi yale ya mianzi siyapati vizuri huku Jinja. Okiror alikuwepo pia, wametoka kufungua injini ya pikipiki, mikono yake bado ina oili hata baada ya kunawa. Nilitaka kusubiri tumalize kula. Nikashindwa, nikasema kabla sijatia tonge mdomoni. Nikasema yote, na sentensi nikaitaja, na kwamba niliiandika mimi.

Siraji alilipokea kirahisi kiasi kwamba nilitaka kulia. Akasema si nilikwambia, afande, jambo lenyewe lilikuwa la kila mtu, wewe ndiye uliyenivisha kilemba kisichokuwa changu. Akanipa pole mimi. Pole kwa kuhangaika, pole kwa safari, kula malewa yatapoa.

Na mimi, Mungu anisamehe, nilijisikia nafuu. Kwa dakika kadhaa nilikaa pale nikila, nikijiambia labda mkaguzi alikuwa sahihi. Madina alichukua jagi la maji akatoka nje, na jagi lilikuwa limejaa.

Okiror ndiye aliyeuliza, mdomo umejaa chakula. "Kila mtu nani?"

Siraji akamwambia, sisi sote, wewe, vijana wote.

"Mimi najua kwa sababu wewe ndiye nafundisha mimi," Okiror akasema. "Pale Namatala. Kwanza sisi tulikuwa nacheka wewe na simu zako. Hata bosi alisema wewe napoteza betri tu."

Alisema hivyo kama mtu anayetaja bei ya nyanya, akaendelea kula.

Siraji aliacha kula. Alimwangalia Okiror, halafu akaniangalia mimi, akajaribu kucheka na kicheko hakikutoka. Akauliza kama yule fundi mkubwa aliyewatangulia hakuwahi kulisema. Okiror akatikisa kichwa. Siraji akauliza kuhusu wale waliotoka Kampala kuwafundisha mitambo mipya. Okiror akasema wale si wewe ndiye naonyesha wao? Niliona uso wa Siraji ukibadilika taratibu, jinsi mtu anavyobadilika anapopapasa mfukoni na kukuta hamna kitu.

Kisha akasema, kwa sauti ndogo, "Kumbe ilikuwa yangu."

Nimeshuhudia watu wakikataliwa hataza. Wanatukana, wanamlaumu mkaguzi, wanasema wameibiwa na wazungu. Sijawahi kumwona mtu akigundua kwamba kitu kilikuwa chake baada ya kuambiwa hatakipata. Laiti nisingekwenda leo angeendelea kuamini hakuwa na kitu, na angelala vizuri. Laiti ningemuuliza Okiror miezi iliyopita, swali lile lile alilouliza yeye, leo tungekuwa tunakula kwa furaha. Ushahidi niliotakiwa kuuleta ulikuwa mtu mzima mwenye mikono ya oili, anafanya kazi umbali wa kutembea kwa miguu kutoka kwenye ule mkeka niliokalia.

Nilijaribu kusema maneno. Nilisema nitaandikia kampuni ile, niwaeleze uvumbuzi ni wake hata kama hati haikutoka. Siraji akaniuliza, bila ukali wowote, "Waamini kwa karatasi gani?" Karatasi pekee iliyopo ina saini zetu na inasema kila fundi anajua.

Madina alirudi na jagi lake. Alikuwa amesikia yote kutoka uani. Alinitengea malewa kwenye kontena la plastiki nije nayo, akalifunga vizuri na mfuko ili mchuzi usimwagike. Macho yake hayakuwahi kukutana na yangu. Jumatatu mumewe anapanda mnara.

Siraji alinisindikiza mpaka stendi ya Mbale, penye teksi za kuja Jinja. Njiani alisalimia watu kama kawaida, akamtania muuza viatu mmoja kuhusu mpira. Tulipofika nilimwomba radhi tena, safari hii bila maelezo yoyote ya kisheria. Akasema amenisamehe. Alisema kosa lilikuwa la wote wawili, na nadhani alimaanisha.

Halafu akasema, "Ila kwa muda kidogo, Rehema, usinitafute."

Aliniita Rehema.

Sasa niko hapa na simu iko mezani. Siku ile mkekani aliniambia neno moja, nikaliamini bila kumuuliza swali, nikalibeba hivyo hivyo mpaka likamwangamiza. Leo ameniambia jingine. Ni heshima kulifuata, na kila mtu mwenye adabu angelifuata. Lakini nimejifunza nini basi, kama na hili nitaliamini tu?