Muhuri Tuliouzika na Baba

Nyuma ya stesheni ya zamani,
Tandil.
Jumatatu, 17 Novemba 2014

Mpendwa dada yangu Nélida,

Pokea salamu kutoka nyumbani. Mimi sijambo, Mirta hajambo, watoto wana mafua tu ya msimu wa maua kama kila mwaka. Vipi mgongo wako? Na shemeji, bado yuko bandarini hapo Vigo? Natumaini baridi yenu haijaanza kuuma. Mama ni mzima. Tena ni mzima mno, dada, na hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu badala ya simu. Kwenye simu ningelia, na yeye yuko jikoni hapa, masikio yake unayajua.

Kaa chini kwanza ndipo uendelee kusoma. Mimi habari hii ilinikuta nimesimama, na nusura nianguke mbele za watu.

Juzi na jana yalikuwa maonyesho makubwa ya visu pale kwenye ukumbi wa wafugaji, na mwaka huu, kwa mara ya kwanza, nilikodi meza yangu mwenyewe. Visu ishirini na viwili nilivipanga juu ya kitambaa chekundu, kazi ya miezi minane. Moyo ulikuwa unanidunda kama wa bwana harusi.

Nianze na raha, maana zilikuwepo. Ukiingia tu unapokewa na harufu ya ngozi mpya na mafuta ya chuma, meza mia tatu, na kila meza mtu anasifia chake. Kufika saa nne asubuhi nusu ya wanaume wana mkono mmoja usio na nywele hata moja, kwa kujaribia makali kwenye malaika ya mikono yao. Mzee mmoja alikuwa amekwisha kunyoa mikono yote miwili. Akaniomba radhi, akakunja suruali, akaendelea na mguu.

Kero nazo, usiseme. Meza yangu waliiweka kando ya vyoo. Watu wanapapasa bapa kwa vidole vyenye mafuta ya soseji, wanauliza bei, wanaguna, wanakwenda zao. Bwana mmoja akanieleza robo saa nzima jinsi kisu changu kilivyotengenezwa, mimi niliyekitengeneza! Na mchana, katika ukumbi wenye visu zaidi ya elfu kumi, nyama ya kuchoma tukagawiwa pamoja na visu vya plastiki, eti kwa usalama wetu. Mwenye kisu kikali ndiye mla nyama, ndivyo wasemavyo. Sisi tulirarua kwa meno.

Lakini hayo ni maji tu. Kilichoniumiza ni swali moja, lililorudiwa tangu Jumamosi asubuhi: "Wewe si mtoto wa Olegario Iturralde? Iko wapi nyota yake?"

Unajua nilivyoutamani muhuri ule aliogongea nyota kwenye visu vyake. Ulipokuja kwa maziko, wewe ndiye uliyenibana mkono nilipotaka kufungua kinywa kuuomba. Ile nyota ndogo ya pembe tano, pembe moja imevunjika kwa sababu niliiangusha juu ya fuawe nikiwa na miaka kumi na miwili, na Baba hakunisemesha wiki nzima. Kisu chenye nyota ile watu walikinunua bila kukitazama mara mbili. Mama akauleta umefungwa ndani ya kitambaa cheusi, wewe ukauweka kwenye kiganja cha marehemu, jeneza likafungwa. Nikasema basi, hakutaka niurithi. Nikajichongea wangu wenye herufi mbili ambazo hadi leo hakuna anayezijua.

Sasa sikia. Jana, Jumapili, saa nne na kitu, mteja mmoja mwenye kofia ya sufu alikuja kwangu, akalaza kisu mezani taratibu, kama inavyopasa, maana kisu hakipokezanwi mkono kwa mkono.

"Nyota ya baba yako nimeinunua meza ile kule," akasema. "Na wewe mwana wa damu unapiga hivi vijiherufi. Kulikoni?"

Nikakitazama. Mpini wa pembe ya paa, mpya kabisa, shaba bado ya njano bila hata doa. Na pale chini ya mpini, nyota. Pembe nne nzima, moja imevunjika.

Dada, nywele zilinisimama. Wazo la kwanza, Mungu anisamehe, lilikuwa kaburi. Niliona koleo, nikaona kifuniko kimeng'olewa, nikaona mtu anavifumbua vidole vya Baba kimoja kimoja. Nilikimbia. Meza yangu niliiacha peke yake na visu vyote, sikujali.

Kule kwenye meza alikuwa mtu mnene, mpole, Rosendo Paz, muuza ngozi kutoka Azul. Mbele yake visu kumi na kimoja, vyote vina nyota.

"Umevitoa wapi hivi?"

"Habari za asubuhi kwanza, kaka."

"Sikufuata habari hapa! Umevitoa wapi?"

"Namuuzia mtu. Mwenyewe hapendi kutajwa."

"Mwenyewe yuko chini ya udongo mwaka wa tano huu! Mwizi wa makaburi wewe! Njooni mwone mwizi wa makaburi!"

Niliita kwa sauti hiyo unayoijua. Ukumbi mzima ukageuka, hata bendi ikanyamaza. Akaja Mzee Anselmo, jaji mkuu wa maonyesho, yule mwenye vidole tisa aliyekuwa akinywa chai na Baba kila Ijumaa.

"Ceferino, huu si mnada wa ng'ombe. Una hakika na unayoyasema?"

"Haki ya Mungu, mzee. Ni feki, na muhuri umeibwa."

"Basi jiliwa ile pale. Kisu kitasema chenyewe. Ila kikipona, utamwomba mtu huyu radhi mbele ya hawa hawa uliowaita."

Jaribio la Jumapili ni lile lile la siku zote. Kisu kinakata mfupa mkavu wa ng'ombe, kisha kinanyoa mkono, kisha kinabanwa kwenye jiliwa na kupindwa kwa bomba mpaka pembe mraba. Kikivunjika, vipande vinatupwa kwenye ndoo watu wakishangilia. Kikipona, kinatundikwa kwenye ubao wa ukutani na jina la fundi linachomwa chini yake kwa chuma cha moto, likae hapo milele. Baba alikuwa na visu vitatu juu ya ubao ule. Mimi sina hata kimoja.

Nikachukua kimoja mezani pa Rosendo, nikasema nitakijaribu mwenyewe. Nikapiga mfupa, ukakatika vipande viwili, makali hayakutetereka. Nikanyoa mkono, nywele zikaanguka kama vumbi. Nikakibana, nikauvika mpini bomba, nikavuta. Nisikufiche, dada, niliomba kivunjike. Nilimwomba Bikira na watakatifu wote kisu kizuri kama kile kivunjike. Kikapinda, kikapinda mpaka pembe mraba, nikaachia, kikarudi kikanyooka.

Watu wakapiga makofi. Mimi, kwa hasira, nikakivuta upande wa pili, jambo ambalo halimo katika sheria yoyote. Wakanizomea. Kikapinda, kikarudi, safari hii kikabaki na kijikunjo kidogo kama mdomo wa mtu aliyenuna. Hakikuvunjika.

Mzee Anselmo alikitazama mpaka machozi yakamlenga. "Moto huu ni wa nyumba ya Olegario," akasema. "Hakuna mwingine anayeivisha chuma namna hii."

"Olegario amekufa!"

"Kumbe hata kifo hakijamstaafisha!" mtu akapayuka nyuma, watu wakacheka.

Ndipo nikasikia sauti: "Umemaliza, mwanangu, au kuna upande wa tatu?"

Alikuwa Mama. Mama, ambaye asubuhi nilimwacha kitandani, magoti yanamsumbua, eti hawezi hata kutembea mpaka dukani. Amevaa gauni lake la bluu la misa, chupa ya chai kwapani. Amekuja na basi. Rosendo akaanza kujitetea kwamba yeye hakusema kitu. Mama akamwambia, "Najua, mwanangu, wewe una kifua." Halafu akanigeukia, na mimi bomba bado liko mkononi.

"Hicho nilikifua wiki tatu," akasema.

Sikuelewa. Nakuapia sikuelewa. Nikamwambia, "Mama, muhuri tuliuzika."

"Mlizika bawaba ya mlango wa banda la kuku."

Lo! Miaka mitano nimeufunga mlango ule kwa waya, nikijiuliza bawaba imekwenda wapi! Na wewe, dada, ulipoiweka mkononi mwa Baba, hukuhisi umbo lake? Au ulijua? Nijibu kweli.

Akayasema yote pale pale, kwa sauti ya chini, mimi na Mzee Anselmo tukiwa tumemwinamia. Mikono ya Baba ilianza kutetemeka mwaka ule wewe ulioondoka. Hakutaka mtu ajue. Tangu hapo aliyeshika nyundo ni Mama, aliyesoma rangi ya chuma motoni ni Mama, na Baba alikaa mlangoni na tupa mapajani, akiwasubiri wateja. Ule mlango wa karakana tuliokatazwa kuufungua, eti mwanga unaharibu rangi ya chuma! Ni kweli mwanga unaharibu, lakini ndani hakuwa Baba. Miaka tisa, Nélida. Sisi tulijua Mama anashona ala. Viwili kati ya vile vitatu vya ubaoni ni vyake, na Baba alisimama hapo akapigiwa makofi, akarudi nyumbani akalia. Na tangu Baba afe, kila aliposema anakwenda kushinda kwa shangazi Dominga, kumbe alikuwa akifua chuma huko.

Na Baba mwenyewe ndiye aliyemwambia asiuzike muhuri. "Ni wako," alimwambia. "Watoto waambie ukipenda."

"Na hukupenda," nikamwambia.

"Ungeniomba. Ukiomba, mimi nitakupa, nakujua na najijua. Mipini yako ni mizuri kuliko yangu, Ceferino. Lakini una haraka na moto. Chuma chako kinatoka kabla ya wakati. Nikupe nyota kwa sababu ya kukuonea huruma?"

Iliniuma. Mpaka sasa ninavyoandika inaniuma. Nilikuwa na aibu, nilikuwa na hasira, nilimwonea wivu mama yangu mzazi, mwanamke wa miaka sabini na moja, na wakati huo huo nilitaka kumbeba mabegani nimzungushe ukumbini. Sikujua nianze na lipi. Nikaanza na Rosendo. Nilimwomba radhi mbele ya watu wote, kama nilivyoagizwa, na yeye akanikumbatia bila kinyongo. Jasho lake lilikuwa limelowesha shati.

Nikadhani yamekwisha. Mzee Anselmo akakichukua kile kisu kilichopinda, akakitundika ubaoni. Karani akakiweka chuma chake motoni, akashika kalamu, akaniuliza mimi, maana mimi ndiye niliyekijaribu: "Jina la fundi?"

Kinywa kilitaka kusema Iturralde. Kimezoea hivyo. Nikamtazama Mama, hakunisaidia. Watu wa maonyesho wamemjua miaka arobaini, na wote wanamwita mjane wa Olegario, na kabla ya hapo walimwita mke wa Olegario. Nilipotazama huku na huku nikaona hakuna hata mmoja ambaye angeweza kumjibu karani.

"Eulogia Barrientos," nikasema.

Karani akatega sikio. "Nani?"

Nikafungua mdomo nirudie, na sauti ikanikwama, dada, ilitoka kama ya kifaranga. Ndipo Mama akanisogelea, akaniondolea bomba mkononi kama mtu anavyomnyang'anya mtoto fimbo.

"Sema kwa nguvu," akaniambia. "Ulipokuwa unaita watu wezi ulisikika mpaka kwenye maegesho ya magari."

Nikavuta pumzi, nikaliita jina la mama yetu mpaka vioo vya ukumbi vikatikisika, mara tatu, na mara ya tatu watu wote waliliita pamoja nami.

Nakomea hapa, maana karatasi imekwisha. Msalimu sana shemeji Xoán, mbusu Iria, mwambie mjomba wake bado hajawa tajiri. Mirta anakusalimu, na shangazi Dominga anauliza kama utakuja Pasaka. Mama hajui kuwa nimekuandikia, au anajua na ananyamaza, kama kawaida yake. Mungu awalinde ng'ambo huko, awape afya na riziki, atukutanishe tukiwa wazima.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye leo na siku zote,

Ceferino