Makofi baada ya somo la Lukusa

Alhamisi. Mvua tangu asubuhi, na mto Lualaba una rangi ya udongo.

Leo tumemzika mtoto wa jirani yangu, Mama Zaina. Miaka miwili. Alikuwa anaharisha, akapelekwa hospitali, na mwanafunzi wa uuguzi akamchanganyia maji ya sukari na chumvi. Katika daftari la mwanafunzi huyo, kipimo cha sukari kiko kwenye mstari wa chumvi.

Nimeliona daftari. Hakuzembea. Hakupata muda wa kumaliza kunakili ubaoni.

Somo la kuchanganya maji hayo nililihudhuria kama mtangazaji wa redio. Alifundisha Lukusa, daktari kijana ambaye bado yuko mafunzoni. Anaijua kazi, ila ana haraka: mkono wa kulia unaandika ubaoni, wa kushoto unafuta. Mwishoni daktari mkuu, anayemzoeza kufundisha, aliwauliza wanafunzi wamemwonaje.

Wakasimama wote, wakapiga makofi, kwa mpigo uleule wa kila asubuhi mbele ya bendera ya chama.

"Siombe makofi, watoto wangu," yule mzee daktari akasema. "Muniambie kosa yake moja tu."

"Kosa itoke wapi, Munganga?" mwanafunzi mmoja akamjibu daktari. "Mwalimu wetu njo huyu, mwingine hatuna!"

Darasa likacheka. Mzee naye akacheka, akafunga daftari lake.

Msichana mmoja alikuwa ameinua kalamu. Aliwatazama wenzake, akaishusha. Nilimwona vizuri. Ndiye aliyechanganya yale maji.

Jioni ile nilitangaza redioni kwamba wanafunzi wameridhika. Kalamu sikuitaja.

Miaka yote hii najisifu kwamba naandika nilichokiona.

Leo makaburini Lukusa alinivuta pembeni, viatu vimejaa matope. "Baba, weye ulikaa nyuma. Nilikosea wapi?"

"Unafuta ubao kabla hawajamaliza kuandika."

Alitazama mikono yake. "Mbona hukuniambia siku ile?"

"Nilikuwa napiga makofi."

 

Kesho Lukusa anarudia somo lilelile, na ameniomba nikae nyuma tena. Kiti cha yule msichana kitakuwa kitupu. Amerudi kwao Punia. Nitakwenda. Najua watasimama, najua watapiga makofi.

Nikiwa mimi peke yangu niliyebaki nimekaa, nitainua mkono?