Pakiti Nne Nyuma ya Kasha

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: kama lilivyo kwenye jalada, kazini anaitwa Mama Friji
Umri: miaka 47
Kazi: mtaalamu wa maabara, benki ya damu, hospitali kuu
Makazi: nyumba za watumishi, nyuma ya hospitali hiyo

Mimi ndiye ninayetunza friji ya damu. Tangu mwaka jana tunatumia mfumo wa akili bandia. Kila siku saa moja na nusu asubuhi unatoa orodha: pakiti zipi zitoke hospitali gani, ziende wapi. Unakadiria mahitaji kwa kuangalia tulizotumia siku zilizopita.

Mwezi wa pili uliamuru damu yetu ya kundi O hasi ipelekwe kwingine. Kesho yake akaletwa majeruhi wa ajali wa kundi hilo, tukawa hatuna hata pakiti moja. Nilikasirika sana. Tangu siku hiyo nikaanza kuficha. Naandika pakiti imetumika, kwa namba ya mgonjwa aliyekwisharuhusiwa, halafu naiweka nyuma ya kasha la vitendanishi vya kupimia damu. Wenzangu walijua. Pakiti hizo tuliziita wapangaji. Tulikuwa tunacheka.

Mnamo tarehe 11 mwezi huu, siku ya Jumanne, orodha ilisema pakiti tatu za O hasi zitoke hospitali ndogo ya ng'ambo ya mto zije kwetu. Hizo tatu ndizo walizokuwa nazo. Dereva wetu alizifikisha saa nne na dakika kumi. Tunamwita Taratibu, maana akibeba damu hapiti shimo bila kulisalimia. Nilisaini nikazipokea. Wakati huo nilikuwa na wapangaji wanne.

Saa saba na dakika arobaini mchana hospitali ndogo walipiga simu. Kuna mama amejifungua, damu haikatiki, kundi lake O hasi. Nilifunga wale wapangaji wanne ndani ya dakika tano. Nilipomkabidhi dereva sanduku, simu yake ikaita. Alisikiliza, akasema, "Mama Friji, ni mdogo wangu huyo." Akaondoka. Siku hiyo hakusalimia shimo lolote.

Barabara ile ni saa moja na nusu. Alifika saa tatu na robo alasiri. Mdogo wake alikuwa amefariki saa tisa kasorobo. Mtoto yuko hai, ni wa kike.

Nasahihisha: alifika saa tisa na robo. Naomba radhi.

Jumatano mkuu wa maabara aliniita ofisini, akafunga mlango. Alisema, "Sema ni mfumo. Mashine haifungwi jela, na wewe una watoto." Alhamisi msibani dereva aliniuliza, "Mashine ilizitakia nini zile damu, Mama?" Nikamjibu, "Sijui, mwanangu." Niliona haya kumtazama.

Nilikuwa najua. Kwa miezi mitano niliuandikia mfumo kwamba tunatumia O hasi nyingi kuliko tulivyotumia kweli. Uliniamini, ukatuona wahitaji zaidi kuliko wale wa ng'ambo. Orodha ya Jumanne niliitengeneza mimi kwa vidole vyangu.

Leo asubuhi dereva ndiye aliyenileta hapa kituo cha polisi kwa gari lake. Njiani alinishukuru. Anadhani nimekuja kuishtaki mashine.

Nimeyasema haya kwa hiari yangu na akili zangu timamu, na sina la kupunguza.

Sahihi ya shahidi: (ametia sahihi)

Maelezo ya afisa: Nimemsomea shahidi, amekubali ni sahihi. Nimemwonya kuwa yanaweza kutumika dhidi yake. Ameomba dereva, aliyeketi kwenye benchi la mapokezi, aitwe ndani asomewe na yeye. Nimemweleza kuwa utaratibu hauruhusu. Amesema basi atatoka kumwambia mwenyewe. Ametoka saa tano na dakika ishirini asubuhi, akaketi kando yake na kumwambia. Hadi naandika haya, saa sita kamili, wote wawili bado wako kwenye benchi.