Mikono ya Mama na Herufi L

Chumba cha tanuri,
Nyuma ya duka letu la mikate.
Tarehe 9 Agosti.

Mpendwa kitindamimba wetu,

Hujambo mdogo wangu, na shemeji mtarajiwa anaendeleaje? Sisi huku wazima, ila tanuri limeninyoa nyusi tena. Cheka tu, nimeshazoea.

Najua unachosubiri. Mama alipokuambia haji harusini kwa sababu ya kiuno, alikudanganya. Kiuno kizima kabisa. Anaionea aibu mikono yake. Miaka arobaini ya kukanda unga imevipindisha vidole, na mgeni akiingia dukani anaificha chini ya aproni. Aliniambia, "Mwanangu anaolewa kwa watu wa maana, mimi nikamharibie picha?" Niliumia.

Sasa sikia. Tulinunua makaratasi makuukuu ya kufungia skonzi, kumbe ndani mna kamusi nene ya Kiingereza, ile inayoeleza kila neno limetoka wapi. Herufi A hadi K zilishaondoka na wateja! Jumanne nikachana ukurasa wa L, jicho likatua kwenye "lady". Mdogo wangu, neno hilo wanaloitana watu wa maana, katika Kiingereza cha kale lilikuwa mkandaji wa mkate! Na "lord" alikuwa mlinzi wa mkate tu. Mwambie shemeji asijivune.

Nikafuata nyuma hadi kurasa za mwisho, penye mizizi ya maneno. Katika lugha ya maelfu ya miaka iliyopita, ambayo hakuna aliyeiandika, wataalamu wanasema mzizi wa huko kukanda ulimaanisha kufinyanga, uwe udongo au unga. Ukafika kwa Waajemi wa kale ukawa ukuta wa udongo, kisha bustani yenye ukuta, na huko ndiko ilikotoka firdausi. Firdausi hii tunayomwombea marehemu baba! Nikakaa juu ya gunia la unga.

Nilimsomea Mama. Alidhani namtania, akanifanya nirudie kusoma mara tatu. Kisha akaitoa mikono, akaiweka mezani, akaitazama weee. "Yaani wote hao," akasema, "walianzia hapa?"

Basi tiketi za kuja harusini ziwe mbili, yangu na ya Mama. Kwenye picha atakaa mbele, mikono magotini. Mkate wa harusi usiagize, ataukanda mwenyewe.

Wasalimie shemeji na shangazi huko. Mungu akutunze mpaka tukubishie hodi.

Kaka yako akupendaye,
Mlinzi wa Mkate.