Wafu Hawana Nyundo

Baba Shija,

Nilitaka kuanza na "hujambo", nikaona nitakuwa nakudhihaki. Basi nianze na habari: umekuwa maarufu. Vijana wanapanda bodaboda kutoka Katoro mpaka huku Nyarugusu kuja kukutafuta na simu zao. Wanasimama penye ule ukuta wa jengo la mkoloni, wanajirekodi wakinong'ona, eti hapa ndipo anapogonga mzimu wa Masanja. Wengine wanakuja na soda kabisa. Wewe uliyekimbia kupigwa picha siku ya harusi yako mwenyewe!

Shija huko shuleni wanamwita mtoto wa mzimu. Juzi kaniuliza kama ni kweli baba yake hutembea bila kichwa. Nilitaka kwenda kumcharaza mtu, sema sikujua nianze na nani. Ndiyo maana nakuandikia. Nataka mwanangu akikua ajue baba yake alikufaje, na asiwasikilize hao wa soda.

Jengo unalikumbuka. Kuta za mawe, paa hakuna, na nyuma yake yale makaburi yenye misalaba ya chuma iliyoliwa na kutu. Tulipofika wageni kutoka Didia, kitu cha kwanza kuambiwa kilikuwa sheria ya pale: watu waliomchimbia mkoloni dhahabu walifukiwa chini, nao hugonga kuwaita wenzao. Ukiwa ndani ya duara unachimba, ukasikia shimoni kunagongwa, usiitike. Acha kazi, panda juu, mwaga maji kidogo ardhini, nenda kwako. Anayeitika atawafuata. Wanaapolo wenzako, wachimbaji wasioogopa gongo wala polisi, sheria hiyo waliishika kuliko amri za kanisani.

Wewe ulikuwa unacheka. Unakuja kibandani kwangu vumbi limejaa hadi kwenye kope, unasema, "Mama Shija, wafu hawana nyundo. Niongezee maharage." Na hodi yako hukuipiga kama watu. Ulikuwa unagonga bati la kibanda: mbili, kimya kidogo, moja. Nilikufokea mara ngapi kwamba utalitoboa? Lina kibonyeo mpaka leo.

Duara lilipotitia nawe ukiwa chini, nilikuwa Didia na mama yako, tunang'oa karanga. Nilipofika huku, mwenye duara alikuwa ameshayapanga maneno yake: ulikufa papo hapo, hukuteseka, na kufukua ni kuwaua wengine. Wakakupandia msalaba kule penye makaburi ya zamani. Chini yake hamna kitu, wewe mwenyewe unajua uliko. Nami nilimwamini. Loo! Nilimshukuru mtu yule kwa mikono miwili.

Nilirudi kupika, maana mtoto anakula. Mchana mmoja Ngusa, yule msimamizi wa duara la jirani, alikuwa anakula na wageni wawili, anawasimulia habari za jengo huku anaguguna mfupa. Eti mzimu ulikuwa kimya miaka mingi, ukaamka siku ile duara letu lilipotitia. Uligonga jioni ile, ukagonga kesho yake mpaka jua kali, ndipo ukanyamaza. Wote waliusikia. Wote walipanda juu, wakamwaga maji, wakaenda makwao. Mgeni mmoja akauliza unagongaje. Ngusa akachukua kijiko akagonga meza yangu.

Mbili. Kimya kidogo. Moja.

Nilikuwa nimeshika upawa. Sikupiga kelele, Baba Shija. Nilimwomba arudie, naye akarudia. Alidhani nimeipenda hadithi.

Ulikuwa unaniita mimi. Umefukiwa gizani na nyundo yako, unapiga hodi kama unakuja kula, na juu yako wanaume wazima wanakumwagia maji. Nikamwuliza Ngusa kama anajua alichokisikia. Alipoelewa, aliweka kijiko chini. Akasema, "Shemeji, sisi tulifuata sheria. Tungejuaje?" Mngejuaje! Mtu kafukiwa leo, leo hiyo hiyo chini kunagongwa, halafu hamjui ni nani? Ebo!

Nilisema kila mahali. Wakasema uchungu umenipanda kichwani. Mchungaji akaja kukukemea kwa sala. Mganga akaletwa, akachinja mbuzi mweusi pale mlangoni pa jengo. Kila mtu alikuja na chake cha kukunyamazisha, na wewe ulikuwa umeshanyamaza zamani. Mwenye sururu hakuja hata mmoja.

Sasa sikia la mvua hizi. Limetitia duara la akina Ngusa lenyewe. Ilikuwa asubuhi, nimeinjika chai, nikawaona waliosalimika wanapanda mmoja mmoja, na mmoja wao anatafuta kidumu cha maji. Nikajua. Nikachukua nyundo yako ya akiba, ile uliyoiacha uvunguni mwa kitanda, nikaenda mpaka kwenye bomba la hewa linaloingia shimoni. Ngusa akanishika mkono, "Usiitike, Mama Shija, una mtoto!" Nilimpa tusi ambalo sitaliandika hapa, usije ukaniona sina adabu. Nikagonga bomba. Nikaweka sikio. Chini kukagongwa. Nikagonga tena, kukagongwa tena. Nikawageukia: "Haya, nimeitika na sijafa. Chimbeni!"

Wakachimba. Kwa sururu, kwa koleo, kwa kucha. Hata mwenye duara lao alivua shati. Jua halijazama wakamtoa Doto, mdogo wake Ngusa waliyekwisha kumhesabu mfu, mguu umevunjika, anaomba maji. Watu wakapiga vigelegele, wakaninyanyua juu, na Ngusa kapiga magoti kwenye tope analia kama mtoto. Nilipowekwa chini nilikaa kwenye kifusi nikalia kwa hasira mpaka nikatapika. Kumbe wanaweza! Kumbe sururu zilikuwepo, na mikono ilikuwepo, na siku moja ilikuwa inatosha. Ningependa kukuambia nilifurahi. Nilifurahi kwa ajili ya mama yake Doto, basi.

Siku hizi Ngusa ananiletea mzigo wa kuni kila asubuhi, anauweka mlangoni, anasimama pale kama ana neno. Kuni napokea. Msamaha bado.

Na wanaapolo sasa wakisikia kunagongwa, wanaitika. Wanaiita sheria ya Mama Shija, wananisifu nayo mbele ya wageni. Mimi sheria naitakia nini? Nilitaka mume wangu.

Sina mengi tena, mwenzangu. Mama yako yupo, miguu inamsumbua, karanga mwaka huu si haba. Nakuahidi Shija atalijua hili lote kutoka kinywani mwangu, na yeyote atakayemwita mtoto wa mzimu nitamkalisha chini nimsimulie mpaka aombe ruhusa kuondoka. Na maadamu nipo hapa, hakuna atakayegonga chini ya ardhi hii akakosa wa kumwitikia. Wewe lala sasa, kama huko kunalalika.

Jana nilikuja kwenye kifusi chako. Wale wa simu hawakuwepo. Nikapiga magoti, nikagonga lile jiwe kubwa kwa nyundo yako: mbili, kimya kidogo, moja. Nikalaza sikio chini, nikangoja mpaka shingo ikaniuma.

Ulisema kweli, Baba Shija. Wafu hawana nyundo.

Ni mimi,
Mama Shija