Kope za Kapinga

Kipushi, 9 Juni 2024

Kapinga mwanangu,

Salamu nyingi. Hujambo wewe, hawajambo watoto? Mimi mzima, ila hili goti bado linanisumbua.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu yenu mumeo Zéphirin ndiye hupokea, na sitaki asikie. Paulin wa taksi atakupa mkononi. Siku ya komunyo ya mjukuu wangu Syntiche nilikuona: kope zimevimba, nyekundu, zimegandana. Ukaniambia ni vumbi. Mwanangu, mimi si mtoto wa jana. Wakati wa Pasaka ulikuwa hivyo hivyo.

Zéphirin nimemzaa mimi, lakini sikumzaa aje kumliza mtoto wa watu. Tangu siku ile akinipigia sishiki simu. Sema neno moja tu, nitakuja kukuchukua, chumba kiko tayari. Kwa sasa omba kwa jirani maziwa ya mama anayenyonyesha, tone moja kila jicho.

Mama mkwe wako,
Edith

Lubumbashi, 15 Juni 2024

Mama mpendwa,

Pokea salamu za hapa kwetu Kamalondo. Sisi wazima, na goti pole sana.

Barua yako nilianza kuisoma nimesimama, nikaimaliza nimekaa chini. Hapo ndipo nililia, Mama, tena kwa furaha. Mama mkwe gani humgombeza mwanawe kwa ajili ya mke? Asante, na asante tena.

Lakini Zéphirin hana kosa. Hajaniliza hata siku moja. Ni ugonjwa. Nilisema vumbi kwa aibu: asubuhi tongotongo zinanishika kope mpaka sifungui macho, nikaogopa watu watasema mimi mchafu. Ni yeye aliyenipeleka kwa daktari wa macho. Daktari kasema kingo za kope zimevimba, vitundu vya mafuta vimeziba. Nichovye kitambaa safi katika maji ya moto kiasi, nifumbe macho, nikiweke juu dakika chache, asubuhi na jioni. Kisha nikande kope polepole na kufuta uchafu kwenye mashina yake. Wanja niache kwanza, ule wa zamani nitupe, na taulo yangu iwe yangu peke yangu. Kuhusu yale maziwa alicheka, akasema mwachieni mtoto.

Tafadhali Mama, shika simu yake. Jioni anakaa mbele ya mashine yake bila kushona, ananiuliza, "Mama iko na hasira na miye? Nilimufanya nini?" Nashindwa kumjibu, maana barua yako ni siri.

Binti yako,
Kapinga

Kipushi, 2 Julai 2024

Kapinga mwanangu,

Amani iwe kwenu. Paulin ananiambia macho yanaanza kupona, namshukuru Mungu. Nimechelewa kujibu kwa aibu tu. Nilimhukumu mwanangu bila kumsikiliza. Haraka haraka haina baraka.

Acha nikwambie kwa nini. Nilipokuwa na mimba ya Zéphirin nilikuwa na macho kama yako, ila yangu hayakuwa ugonjwa. Marehemu mume wangu alikuwa akinywa, na akinywa alikuwa akinipiga. Mama yake tuliishi naye. Aliniona kila asubuhi, akawaambia majirani, "Iko moshi ya makala tu," yaani makaa ya jikoni. Hakuna aliyeniuliza. Nikaapa kwamba siku nikipata mkwe, mimi nitauliza. Basi nimekosea, lakini kuuliza sijutii.

Zéphirin hajui haya. Ukiona inafaa, msomee. Na mwambie apige, nitashika. Mimi naogopa kupiga kwanza.

Mama yako,
Edith

Lubumbashi, 6 Julai 2024

Mama yangu,

Tunakusalimu wote. Kope zimetulia. Daktari kasema ugonjwa huu haumaliziki kabisa, nikiacha kitambaa utarudi. Sasa nimekizoea kama mswaki.

Jana nilimsomea Zéphirin. Aliinuka, akaenda kuchemsha maji. Nikamwambia, mimi leo nimekwisha fanya. Akajibu, "Hii haiko ya weye. Ni ya goti ya Mama." Nikacheka: Kipushi nako si kuna makala ya kuchemshia maji? Akasema anajua, na machozi yanamtoka, huku anatafuta thermos ya kuyabebea. Nikamsihi angoje kuche.

Kwa hiyo hakupiga simu, Mama, na barua hii hukuipokea kwa Paulin. Huyo aliyekuletea, mwache akukande goti. Hata akikaa kimya, mwache tu.

Na mimi asante kwa kuniuliza.

Binti yako,
Kapinga